Gari Lililokunywa Maji

Miye Mize binti Vuai, mkata tiketi,
maegesho ya chini ya ardhi, jengo jipya la Kikwajuni,
zamu ya usiku: kiti cha plastiki, tochi, daftari.

Jumatatu ile ya masika Mwanakwerekwe ikawa ziwa.
Gari lako jeupe likapita humo humo,
maji yakalifika milangoni.
Ulinihadithia mwenyewe, unacheka:
"Halina ekzosi hili, lizimike kwa lipi?"
Ukaliegesha nafasi ya kumi na saba, ubavuni mwa nguzo,
ukalichomeka chaji,
ukapanda lifti.

Sikusomea umeme.
Lakini nimelelewa na mama aliyepikia makumbi,
na makumbi yana somo lao:
juu jivu, jeupe, limetulia kama bibi arusi,
chini kaa linahesabu saa.
Nikakwambia, bwana, gari lililokunywa maji
halilazwi ndani na wenziwe.
Chomoa waya, lipeleke uwanjani, palipo wazi,
hatua ishirini na ukuta,
mpaka fundi alifungue tumbo.
Ukanitizama kama uliyeombwa hongo.

Siku ya tatu, saa tisa kasorobo usiku.
Penye moshi pana moto, watu husema.
Hawasemi kabla ya moshi pana nini.
Pana harufu,
tamu, ya rangi ya kucha chumbani mwa mwari.
Kisha mlio, pa, pa-pa,
bisi ndani ya sufuria iliyofunikwa.
Ndipo moshi, mweupe kwanza, mzito,
unatambaa sakafuni
unatafuta miguu ya mtu.

Mtungi mwekundu ulining'inia hatua sita kutoka kwangu.
Niliutizama.
Sikuutungua.
Waseme nimeogopa; niliogopa kweli.
Ila Sajini Khatib wa Zimamoto alikuja Mfunguo Tatu kutufunza,
wenzangu wakisinzia, miye nikiandika nyuma ya daftari la tiketi:
betri ya gari ikishaanza, mtungi huo ni kutema mate baharini.
Moshi wake sumu. Usisogee.
Kata umeme, toa watu, funga mlango, piga 114.

Nikashusha swichi kuu, ile ya kibandani kwangu.
Nikavunja kioo cha king'ora kwa kisigino cha kiatu.
Nikapanda ngazi nikigonga:
kwa kina Ussi, kwa yule nesi wa Kingazija,
kwa wanafunzi wasioamka hata kwa adhana.
Wewe ulitoka na kikoi, na ufunguo mkononi.
Ufunguo! Ulitaka kushuka ukalitoe.
Nikakukamata mkono, mwanamume usiye maharimu wangu,
Mungu atanisamehe,
sikukuachia mpaka barabarani.

Dawa ya moto ni moto, wamesema wahenga.
Hawakuuona huu.
Huu dawa yake maji, na maji tena, na kungoja.
Gari la Zimamoto likakauka, likaja la pili,
likaja la tatu kutoka uwanja wa ndege,
alfajiri inaingia bado wanamwaga.
Magari saba yameteketea.
Mtu, hata ukucha.

Mabaki yakaburutwa hadi kiwanja kitupu cha Mtoni.
Usiku wa pili yakawaka tena,
peke yake, bila waya, bila dereva,
askari aliyewekwa kuyalinda akamwaga chai yake.
Nilikwenda kuyatizama. Mbavu tupu.
Sikuwa na la kuyaambia.

Sasa chaji zimehamishiwa juu, uani, pasipo paa.
Wapangaji wanalalamika kunyeshewa.
Nawaacha walalamike.

Jana umekuja na jingine, la umeme pia, jekundu.
Ukasimama getini, ukashusha kioo.
Miaka miwili uliniita "wewe wa tiketi".
"Mize," ukasema, "niliweke wapi?"

Nikawasha tochi, nikakuonesha.